Diski Moja na Deni la Mjomba

Kila nyumba ina kitu ambacho wote wanakitumia na hakuna anayekitunza. Kwa jirani yetu wa mkono wa kulia, hapa Bigwa, ni bomba la uani. Kwa jirani wa kushoto ni mbwa. Kwetu sisi ni kompyuta. Imekaa sebuleni juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, inatazamana na dirisha linaloonyesha kilele cha Lupanga siku ambazo ukungu wa Uluguru umeridhia.

Ndani yake mna ukoo mzima. Mna hesabu za kikoba chetu cha akina mama, ambacho mimi ni mhazini wake. Mna picha za harusi yetu na za harusi za watu ambao siku hizi hata hawasalimiani. Mna mitihani ya historia ambayo Baba Watoto huwatungia wanafunzi wake wa sekondari, na muziki anaousikiliza anapoisahihisha: Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, Salum Abdallah na Cuban Marimba. Mafahali hao wawili wa Morogoro yetu, mji kasoro bahari, wote walichukuliwa na ajali za gari, Salum mwaka 1965, Mbaraka mwaka 1979 huko Mombasa. Sauti zao tunazo kwa sababu ziliingia kwenye santuri na kanda, na santuri zikatawanyika katika nyumba za watu wengi kiasi kwamba hakuna panya wala mafuriko ya nyumba moja yaliyoweza kuzimaliza. Baba Watoto huwaeleza wageni jambo hilo mara kwa mara, na laiti angejisikiliza, kisa hiki kisingekuwapo.

Mna pia folda iliyoandikwa “Bibi”. Humo yumo marehemu mama yangu, amesimama shambani Nyandira kule Mgeta, akionyesha kwa fimbo mipaka ya ardhi ya ukoo wetu: mti huu, kijito kile, jiwe ambalo babu zake walilikuta. Kwa sisi Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo inafuata huko huko, kwa hiyo maneno ya mama kuhusu mpaka si hadithi ya kulalia. Katikati anasimulia pia habari za matuta, jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu wa milimani kulima matuta ya ngazi, mpaka mwaka 1955 ghasia zikazuka. Yeye alikuwa mtoto, lakini anaisimulia kana kwamba ndiye aliyewafukuza mabwana shamba. Baba Watoto huitumia video hiyo darasani. Mjomba wangu, mdogo wake mama, huiuliza kila anaposhuka mjini.

Basi mwaka mmoja wa masika mengi, kompyuta ikaanza kuonyesha mstari mwekundu. Nafasi imejaa.

Kikao

Baba Watoto aliitisha kikao cha familia baada ya chakula cha usiku. Ajenda ilikuwa moja, kununua diski ya nje, ile ambayo vijana wanaiita eksteno. Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu mwenyekiti aliona ni vizuri wajumbe wapate kwanza historia. Tukaelezwa kwamba mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya RAMAC, yenye diski ngumu ya kwanza: sahani 50, kila moja pana kama sinia la pilau la msibani, uzito wa mtambo mzima ukizidi tani, na uwezo wake wote ulikuwa herufi milioni tano. Picha mbili za simu ya leo zingeijaza. Kitinda mimba aliuliza ilipitaje mlangoni. Swali likaahirishwa.

Baada ya historia, kila mjumbe akatetea chake. Baba Watoto alitaka ukubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba diski kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo bei ya kila gigabaiti inavyoshuka, kwa hiyo mtu mwenye akili hununua kubwa kuliko zote, “tukasahau habari hii mpaka tustaafu.”

Kifungua mimba wetu, binti anayesoma chuo kikuu cha SUA, alitaka SSD. “Baba, diski ya kawaida ndani yake kuna sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo hata chembe ya vumbi haipiti. Ikianguka inazunguka, umeua. SSD haina kinachozunguka.” Baba yake aliuliza bei. Alipoambiwa, alisema kwamba katika nyumba hii vitu haviangushwi.

Shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, ambaye alikuja kukaa nasi wiki mbili wakati wa msiba na msiba umeshasahaulika, alitaka rahisi. Yeye anauza chaja na vifuniko vya simu karibu na stendi ya Msamvu, na kwa sababu hiyo hujiona yuko kwenye sekta. “Shemeji,” aliniambia kwa siri jikoni, “msimpe mtu laki. Mimi nitawaletea.”

Mimi niliuliza swali moja: hicho kitu kitakaa wapi, na nani atakuwa na zamu ya kukitumia? Maana kikoba kina daftari, na daftari lina mwenyewe, ndiyo maana halijapotea. Mwenyekiti akasema swali ni zuri na litajadiliwa chini ya mengineyo. Mengineyo hayakufika, maana chai ilifika kwanza.

Fleshi ya Shemeji

Kesho yake Shemeji alirudi na fleshi ya rangi ya fedha, ndogo kama kidole gumba, imeandikwa 2 TB kwa maandishi ya kupendeza. Bei yake haikufikia ya kuku wa kienyeji. Aliichomeka, kompyuta nayo ikakiri kwamba kweli, hapa pana terabaiti mbili. Shemeji alitutazama mmoja mmoja. Akaanza kunakili folda zote kwa mpangilio wa alfabeti, akaenda kulala kama mtu aliyemaliza kujenga.

Asubuhi binti alifungua folda ya Bibi. Mama akatokea na fimbo yake, safi kabisa. Akafungua Harusi. Picha za mwanzo zilikuwapo, kisha ikaja ya kijivu, kisha zote zikawa za kijivu. Akafungua Kikoba. Majina ya mafaili yalikuwapo yote, yamepangwa vizuri kama viti vya ukumbini, lakini hakuna lililofunguka.

Binti akatufafanulia. Mtengenezaji wa feki huchukua kumbukumbu ndogo, akaifundisha kujitangaza kubwa. Kompyuta haina namna ya kupima, inaamini inachoambiwa. Nafasi ya kweli ikiisha, nyingine huanza kuandika upya juu ya vilivyotangulia, na nyingine, kama hii yetu, huendelea kupokea na kumwaga, huku zikiandika majina tu kwenye orodha. Hutajua mpaka siku utakapovihitaji.

“Lakini imeandikwa terabaiti mbili!” Shemeji alilalamika.

“Shemeji,” nikamwambia, “hata mimi ukiniandika Kilimanjaro sitaota theluji.”

Binti alitaka kuifuta, kisha kuijaza mpaka mwisho na kuisoma upya, ili ajue ukubwa wake halisi. Shemeji akaichomoa, akasema mali yake haifanyiwi upasuaji na watu waliomdharau. Akaifunga kwenye kishada cha funguo zake.

Kariakoo na Gigabaiti 69

Jumamosi Baba Watoto akapanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam, kununua diski sokoni Kariakoo. Tangu ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, tarehe 14 Juni 2024, yeye hutafuta sababu. Zamani kwenda Kariakoo kulikuwa safari ya kuaga. Siku hizi mtu anafika kwa chini ya saa mbili, na anarudi kabla wali haujapoa.

Binti alimpa maagizo kwa maandishi. Asitazame rangi ya kasha, maana duniani wamebaki watengenezaji watatu tu wa diski za kuzunguka, Seagate, Western Digital na Toshiba, na mengine ni makasha. Aulize waranti. Adai risiti ya mashine. Akiambiwa “bosi, hii orijino” kabla hajauliza, atoke.

Alirudi jioni na terabaiti moja. Ile ya terabaiti nne, ambayo aliiongelea wiki nzima, alikutana nayo dukani uso kwa uso, na mfuko ukakataa. Tukakusanyika. Akaichomeka, akafungua dirisha la kompyuta, akaganda.

“Gigabaiti 931.”

Kimya.

“Wamenipunja gigabaiti 69. Mimi. Na risiti niliomba!”

Alikuwa tayari amevaa viatu. Ilibidi binti asimame mlangoni. Kiwandani, akaeleza, wanahesabu kwa elfu elfu, kwa hiyo terabaiti moja ni baiti trilioni moja kamili. Kompyuta yetu inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo baiti zile zile trilioni moja, ukizigawa kwa 1,024 mara tatu, zinatoka gigabaiti 931. Hakuna aliyekula kitu. Ni mizani mbili. Baba Watoto alichukua kalamu, akagawa mwenyewe, akapata 931 na desimali, akavua viatu. Lakini mpaka leo akikutana na mtu anayekwenda Kariakoo humwonya kuhusu zile 69.

Kisha diski ikaanza kulia. Tiki, kimya, tiki. Safari hii viatu nilikuwa nataka kuvaa mimi. Kumbe tundu la mbele la kompyuta yetu ya zamani halikutoa umeme wa kutosha kuzungusha sahani. Binti akaihamishia nyuma, kwenye tundu lenye rangi ya buluu ndani, ambalo kwa kawaida ndilo la kasi ya USB 3. Ikatulia. Kwa tundu la zamani, gigabaiti 400 za vitu vyetu zingechukua zaidi ya saa tatu. Kwa lile la buluu ni kama saa moja.

Hakuruhusu kitu kiwekwe mpaka diski ipimwe. Alitumia programu ndogo ya bure ya Wajerumani iitwayo H2testw, ambayo huijaza diski yote takataka, kisha ikaisoma takataka hiyo neno kwa neno kuhakikisha haijabadilika. Kazi hiyo ilihitaji usiku mzima. Saa nane usiku umeme ukakatika. Ikaanza upya kesho yake, tukakatazwa kupiga pasi. Mwishowe jibu likatoka: hakuna kasoro. Tulipiga makofi kama tumefaulu sisi.

Kuhamia

Hapa ndipo ilipodhihirika kwamba katika kikao kile tulikubaliana kununua kitu kimoja kwa sababu mbili tofauti. Mimi na binti tulinunua nakala. Baba Watoto alinunua stoo.

Jumapili ya wiki iliyofuata, nikiwa kwenye kikoba, Baba Watoto alikaa na kompyuta. Niliporudi, sura yake iling'aa. Mstari mwekundu umekwenda. Kompyuta ni nyepesi, ina hewa, ina buluu tupu.

“Nimeviweka vyote kwenye diski,” alisema.

“Vizuri. Na kwenye kompyuta?”

“Nimevitoa. Si ndiyo ilikuwa imejaa?”

“Kwa hiyo nakala ya pili iko wapi?”

Akaonyesha diski.

“Na ya kwanza?”

Kidole kikarudi pale pale.

Binti akasema kwa upole, kama daktari, kwamba atavirudisha mwishoni mwa wiki akimaliza mitihani yake, na kwamba mpaka wakati huo mtu asiguse. Shemeji hakuwapo maneno hayo yakisemwa. Usiku wa Jumatatu alikuta kompyuta ina nafasi, akapakua mechi nzima ya Simba na Yanga, pamoja na uchambuzi.

Jumanne paka alimfukuza mjusi, kitinda mimba akamfukuza paka. Diski ilikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa cha kufuma, kwa sababu katika nyumba ya heshima kitu cha thamani hakiwekwi juu ya mbao tupu. Paka alipita chini ya meza. Mtoto alishika kitambaa.

Haikuanguka kwa kishindo. Ilidondoka tu, taa yake ikiwaka, ndani ikizunguka mara 5,400 kwa dakika. Kisha tukaanza kusikia ile tiki, kimya, tiki, na safari hii tundu la buluu halikusaidia.

Tiba za Kienyeji

Shemeji alileta mchele. Mchele wa Ifakara, wa kwangu, kilo mbili, akaifukia diski ndani ya sufuria. Nilimuuliza diski imelowa wapi. Akasema simu zote anazotibu hupitia hapo. Baba Watoto naye alikumbuka kusikia kwamba diski iliyokufa ikiwekwa kwenye friza hufufuka, akaitoa kwenye mchele, akaihamishia jirani na sato. Binti alipoikuta, alisema kwamba sasa kama kulikuwa na uwezekano wa kuiokoa, tumeuongezea unyevu.

Fundi wa mjini aliiweka sikioni, hakuifungua. Nilimheshimu kwa hilo. Alisema kichwa cha kusomea kimeikwaruza sahani, na diski kama hiyo hufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi hata chembe, kazi ambayo gharama yake ingenunua kompyuta mpya na ya akiba. “Mama, kilichomo ni muhimu?” Nikamwambia humo mna ukoo mzima. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa rambirambi.

Jioni hiyo binti alijaribu kutuliwaza. Alisema hata wakubwa hupatwa. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar kule California ilikuwa inatengeneza filamu ya katuni ya Toy Story 2, amri moja ya kompyuta ikafuta sehemu kubwa ya kazi, na walipoziendea nakala za akiba wakakuta hazikuwa zikifanya kazi. Aliyewaokoa ni mwanamke aitwaye Galyn Susman. Alikuwa amejifungua, akifanyia kazi nyumbani, na kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala. Wakaifunga mablanketi, wakaipakia kwenye gari wakaendesha taratibu.

“Wao waliokolewa na mwenye mtoto,” Baba Watoto alisema. “Sisi mtoto ndiye aliyeangusha.”

Mafaili Yasiyo na Majina

Lakini kompyuta haifuti kama ubao unavyofutwa. Ukiondoa faili kwenye diski ya kuzunguka, kinachoondolewa kwanza ni jina lake kwenye orodha, na mahali pake panatangazwa kuwa wazi. Maandishi yenyewe yanabaki mpaka kije kingine kikae juu yake. Binti alipotuambia hivyo, alikuwa ameshachomoa waya wa kompyuta ukutani. “Mtu asiwashe. Kila mnachofungua kinazika kitu.” Shemeji akaondoka sebuleni taratibu.

Binti aliazima diski kwa mwanafunzi mwenzake, akatumia programu ya PhotoRec, ambayo haisomi orodha bali hupekua diski yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa picha, nyimbo na nyaraka. Ilifanya kazi usiku na mchana. Vitu vikaanza kurudi kwa maelfu, ila bila majina, bila tarehe, bila folda. Kila kimoja kinaitwa herufi na tarakimu. Harusi ya dada imechanganyika na mahafali, mahafali yamechanganyika na mbuzi, na katikati ya vyote mamia ya maua mekundu ya “asubuhi njema” kutoka makundi ya WhatsApp, ambayo hayakupotea hata moja.

Hesabu za kikoba zilirudi katika matoleo mengi, na hakuna aliyejua la mwisho ni lipi. Nikaleta daftari langu la mkono, lenye jalada gumu, ambalo Baba Watoto kwa miaka alikuwa akiliita mabaki ya ujima. Tukalinganisha. Hakuna shilingi ya mwanachama iliyopotea. Mabaki ya ujima yakawekwa kwenye kabati lenye kufuli.

Video ya mama haikurudi. Picha ni faili dogo, linapenya. Video ni kubwa, imetapakaa, na mahali pake palipotangazwa kuwa wazi palikuwa pameshakaliwa. Binti alipofungua kipande kilichofuata, tulikuta penalti.

Hapo sikuwa na neno la kuchekesha. Nilimpigia simu Mjomba Nyandira. Nilimwambia tuna picha nyingi hazina wenyewe na tunahitaji macho yake. Habari ya video nilimeza.

Mjomba Anashuka

Alikuja na gari la mboga la alfajiri, lile linaloshuka Sangasanga limejaa kabichi hadi juu, na gunia la karoti begani. “Shikamoo Mjomba.” “Marahaba mpwa wangu. Mko wangapi waliokufa?” Alikuwa ameelewa kwamba nimemwita kutambua maiti.

Jioni kadhaa zilizofuata zilikuwa bora kuliko televisheni. Binti anafungua picha, Mjomba anatoa hukumu. “Huyo ni mtoto wa mama mkubwa wa Tchenzema. Huyo si wa kwetu, alifuata pilau. Huyo mbuzi nilimuuza mimi.” Binti anaandika majina. Baba Watoto, mwalimu wa historia, alianza kutembea na karatasi akichora mti wa ukoo wa mke wake, kitu ambacho kwa miaka ya ndoa yetu hakukiona cha haraka.

Hatimaye Mjomba aliuliza alichokuja nacho moyoni. “Na dada yangu yuko wapi? Yule wa mipaka?”

Tukatazamana. Shemeji, aliyekuwa mlangoni akichezea kishada chake cha funguo, akasita kuzungusha.

Sijui ni nani aliyekumbuka kwanza. Alfabeti. Bibi inatangulia Harusi na Kikoba. Folda ya Bibi ndiyo iliyopanda kwanza kwenye ile fleshi ya uongo, ikaingia ndani ya sehemu yake ndogo ya kweli kabla uongo haujaanza. Binti alinyoosha mkono bila kusema. Shemeji akaifungua fleshi kwenye kishada polepole, kwa heshima yote aliyonyimwa, akampa.

Mama akatokea na fimbo yake. Akaonyesha mti, akaonyesha kijito, akawafukuza mabwana shamba. Mjomba aliitikia kila mpaka kwa Kiluguru, kama wako wawili shambani.

Shemeji hajashikika tangu siku hiyo. Lakini lazima nimpe haki yake. Kikao kizima kilibishana ukubwa, kasi na bei, na fleshi mbovu kuliko zote ndiyo iliyookoa kitu cha thamani kuliko vyote, kwa sifa moja tu: haikuwa mahali ambapo nyingine ilikuwa. Nakala ya pili iliyo hafifu inaishinda nakala nzuri iliyo peke yake. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alilipanga jambo hili kwa tarakimu: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja isilale nyumba moja na nyingine. Mjomba aliposikia alishangaa linahitaji Mmarekani. Mbegu zake za maharage, alisema, nusu ziko darini kwake juu ya moshi, nusu ziko kwa binti wa dada yake mtaa wa pili. Nyumba ikiungua, msimu hauungui.

Kwa hiyo tulinunua diski mbili za kawaida, za ukubwa wa wastani, badala ya moja ya kutisha. SSD ya binti ingestahimili paka, lakini ni ghali, na ikiachwa miaka mingi bila umeme inaweza kuanza kusahau, kwa hiyo si ya kufungiwa kabatini. Hesabu za kikoba, ambazo ni ndogo, zinapanda pia kwenye mtandao, ndani ya zile gigabaiti 15 ambazo Google hutoa bure, zikiwa zimefungwa kwa nywila. Picha na video hatuzipandishi. Bando la kuzipandisha lingekula mtaji wa kikoba chenyewe. Na zamu ina mwenyewe: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ni binti, na asipokuwapo ni mimi. Baba Watoto ameruhusiwa kutazama.

Lilibaki swali langu la kikao cha kwanza. Diski moja itakaa hapa. Ya pili itakaa wapi?

Jibu lilitoka kwenye yale mafaili yasiyo na majina. Binti alifungua picha ya karatasi, imeandikwa kwa mkono, na mihuri ya chai. Ilikuwa orodha ya kamati ya harusi yetu: majina, ahadi, kilicholipwa. Mjomba, ambaye alikuwa akitambua kila kitu kwa kasi, akaanza kutafuta miwani. Binti akasoma kwa sauti, kwa kuwa ameshazoea kusoma. Mjomba wa bibi harusi: ahadi, shilingi elfu hamsini. Ametoa, elfu kumi.

“Karatasi za zamani zinachanganya,” Mjomba alisema.

“Babu, muhuri wa kamati huu hapa.”

Mimi ni mhazini. Nilileta daftari lenye jalada gumu, nikafungua ukurasa mpya, na makubaliano yakaandikwa mbele ya mashahidi. Diski ya pili itakaa Nyandira, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mbali na jiko na mbali na paka. Kila Mjomba anaposhusha karoti atashusha na diski, atachukua mpya iliyojazwa, na iliyoshuka itakaa kwanza mpaka ubaridi wa Mgeta uishe kabla ya kuchomekwa. Kila safari inapunguza deni kwa elfu mbili.

Ni safari ishirini. Mjomba ameshaanza kuuliza riba inahesabiwaje, na Baba Watoto amependekeza tumsamehe kwa heshima ya umri. Nimewaambia wote wawili kwamba suala hilo ni zuri na litajadiliwa chini ya mengineyo.